Wiki saba za kutafuta mchawi wa intaneti katika nyumba ya mawe

Nafundisha Kiswahili kwa wageni. Tangu Machi 2020, wanafunzi walipofunga mizigo wakarudi kwao kwa ajili ya korona, nafundisha kwa video kutoka chumba cha orofani nyumbani kwetu Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar. Wengi wao wako Ujerumani na Uswisi. Mwanzo nilitumia bando la simu, likinimaliza fedha, na intaneti ya fiba ilipofika mtaani kwetu nikavutiwa waya na kuona sasa nimepumzika. Na kweli nilipumzika, mwaka mzima na zaidi.

Mambo yalianza kuharibika Oktoba 2023. Siku ya kwanza ninayoikumbuka vizuri, nilikuwa nikimweleza mwanafunzi tofauti ya "nimekwenda" na "nilikwenda", uso wake ukaganda kwenye kioo huku mdomo uko wazi. Sauti yake ikanifikia baada ya sekunde kadhaa, vipande vipande: "…limu… siku… sikii…" Nikazima, nikawasha, nikaendelea. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Wiki ya pili mwanafunzi mmoja akaniandikia kwa heshima kwamba anasimama kidogo mpaka mtandao wangu utengemae. Wiki ya nne akaondoka wa pili. Hawa ndio wanaonilipia ada ya skuli ya mwanangu, kwa hiyo naomba nieleweke nikisema nilikosa usingizi.

Naandika haya kwa sababu katika wiki saba zile nilifanya karibu kila kosa linaloweza kufanywa, na mengi nililipia.

Kosa la kwanza lilikuwa kupiga simu huduma kwa wateja nikiwa na hasira na bila ya kipimo chochote mkononi. Nilimwambia yule binti kwamba nalipia kasi ya 10 lakini kompyuta inanionyesha 1 na kitu ninapopakua faili. Akajaribu kunieleza, nikamkatiza. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa na haki. Kampuni huuza kasi kwa megabiti kwa sekunde, ile Mbps, na kompyuta inapopakua faili mara nyingi huonyesha megabaiti. Baiti moja ina biti nane. Kwa hiyo Mbps 10 ni megabaiti 1.25 kwa sekunde, na Mbps 30 haifiki hata megabaiti 4. Kabla hujamgombeza mtu, gawa kwa nane.

Kosa la pili: kupandisha kifurushi. Nilitoka Mbps 10 nikaenda 30, shilingi 40,000 zaidi kila mwezi. Orofani hakikubadilika kitu. Simu ya video ya watu wawili hutosheka na Mbps 1 hadi 3 hivi, kwa hiyo ile 10 ya mwanzo ilikuwa inanitosha na kubaki. Ningejiuliza tu: kama 10 hainifikii, kwa nini 30 inifikie?

Kosa la tatu ndilo linaloniuma mpaka leo, maana halikuwa la fedha. Usiku vijana wa mtaani hukaa barazani kwetu na simu zao. Mmoja wao, mtoto wa jirani yangu tunayeitana shoga miaka kumi na tano sasa, nilikuwa nimempa pasiwedi ya Wi-Fi afanyie kazi za skuli. Nikaamini kaigawa mtaa mzima. Nikabadilisha pasiwedi, na si hivyo tu, nilimwendea mama yake nikamwambia maneno mbele ya watu. Kijana alisimama mlangoni ananiangalia, hakusema kitu. Mtandao ukabaki pale pale ulipokuwa. Laiti ningejua kwamba ndani ya ukurasa wa ruta, kile kisanduku kinachogawa Wi-Fi nyumbani, kuna orodha ya vifaa vyote vilivyounganishwa, kwa jina na kwa idadi, ningeifungua kwanza. Unaingia kwa kuandika anwani ya ruta kwenye kivinjari, mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na jina na pasiwedi ya kuingilia mara nyingi vimebandikwa chini ya ruta yenyewe. Nilipokuja kuifungua ile orodha vilikuwa vifaa saba, na vyote vyetu.

Kosa la nne, ripita, kifaa cha kupokea mawimbi ya Wi-Fi na kuyarusha tena mbele. Muuzaji aliniambia niichomeke pale ninapopata shida, nami nikaichomeka chumbani kwangu orofani. Vile vistari vya Wi-Fi kwenye simu vikajaa vyote, nikamshukuru Mungu, nikamwita mwanafunzi, na dakika ya tatu akaganda. Shilingi 65,000. Kwa nini vistari vijae na mtandao usiende, sikuelewa mpaka alipokuja mtu wa kunielewesha.

Mtu huyo ni mtoto wa dada yangu, anayefunga mitandao katika mahoteli ya Nungwi. Alikuja Ijumaa baada ya sala kutusalimia tu. Baada ya shikamoo na marahaba nikaanza kumlalamikia. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Mama mdogo, intaneti yako ina safari mbili. Safari ya kwanza inakuja kwa waya mpaka kwenye ruta. Safari ya pili inatoka kwenye ruta kwa hewa mpaka kwako. Wewe unajua imechelewa. Hujui imechelewa safari gani."

Wiki tano zilikuwa zimeshapita, na hakuna hata mtu mmoja aliyeniambia neno hilo.

Akatoa waya wa mtandao kwenye mkoba wake, akachomeka upande mmoja kwenye ruta na wa pili kwenye laptopu yangu, akazima Wi-Fi ya laptopu na kuwaomba watoto waweke simu zao pembeni. Akapima kasi mara tatu. Kushusha, yaani kupokea kutoka mtandaoni, ilikuwa Mbps 28, 28, 27. Kupandisha, yaani kutuma, 9. "Safari ya kwanza nzima," akasema. "Kampuni haina kosa."

Kisha akachomoa waya, akawasha Wi-Fi, tukaanza kutembea. Nilichukua daftari la maandalio nikaandika. Hatua mbili kutoka kwenye ruta, masafa ya gigahezi 5: 27. Hapo hapo, masafa ya gigahezi 2.4: 11. Chini ya ngazi, gigahezi 2.4: 5. Chumbani kwangu: 0.9, na yale masafa ya 5 hayakuonekana kabisa. Simu yake ilikuwa na programu inayoonyesha nguvu ya mawimbi kwa dBm, namba hasi ambazo kadiri zinavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Karibu na ruta tulikuwa -45. Chumbani kwangu -84. Aliniambia kwa mazungumzo ya video usishuke chini ya -67 hivi; ukifika -80 unaomba dua tu.

Akanionyesha na jambo jingine ambalo sasa nalifanya peke yangu. Kwenye laptopu unafungua lile dirisha jeusi la amri, unaandika ping, nafasi, kisha anwani ya ruta. Kompyuta inaigonga ruta na kukwambia jibu limerudi baada ya milisekunde ngapi. Kwa waya lilirudi kwa 1, 1, 1, 1. Chumbani kwangu: 4, 230, 912, halikurudi, 15, halikurudi. Zingatia kwamba hapo hatujatoka nje ya nyumba. Tulikuwa tunaiuliza ruta iliyoko chini, ndani ya kuta zetu wenyewe, na jibu lilikuwa linapotea njiani. Kipimo hiki hakili bando, hakihitaji programu yoyote, na kinakwambia moja kwa moja kama ugonjwa uko ndani au nje.

Ndipo akaniuliza, "Kwani ruta ilikuwa hapa siku zote?"

Haikuwa hapo. Ilipofungwa iliwekwa juu ya kigoda karibu na ngazi. Mwishoni mwa Septemba, tulipopiga rangi nyumba kwa ajili ya Maulidi, mama mkwe aliona nyaya pale ngazini zinaharibu sura, nami nikaona hivyo hivyo. Tukavuta waya mpaka upande wa pili wa ukumbi, tukaiingiza ruta ndani ya kidaka cha ukutani. Ilikaa vizuri mno, kama kile kidaka kilijengwa kwa ajili yake. Maulidi yakapita, mtandao ukaanza kusumbua, na mimi sikuwahi kuyaunganisha mambo hayo mawili. Naona hili ndilo swali la kuanza nalo kabla ya jingine lolote: ulipoanza kusumbuka, nini kilikuwa kimebadilika nyumbani?

Anayejua nyumba zetu atakuwa ameshaelewa. Ukuta wa Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa. Tulipima ukuta wetu wa ukumbini kwa futi kamba: sentimita 55. Kidaka kimechimbwa ndani yake, kwa hiyo ruta ilikuwa imezungukwa na mawe nyuma, kulia, kushoto, juu na chini, imeachiwa uwazi wa mbele peke yake, na mbele inatazama barabarani. Mawimbi yaliyokuwa yakitoka vizuri yalikuwa yanakwenda barazani! Ya kuja kwangu yalipaswa yapenye kuta mbili, kisha sakafu ya boriti na mawe, na mwisho kabati langu la nguo lenye kioo kirefu. Kioo cha kujitazamia kina utando wa madini nyuma yake, na madini huyarudisha mawimbi. Maji nayo huyanyonya, kwa hiyo mwenye tangi la maji kati yake na ruta naye aliangalie. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi zaidi lakini hudhoofika upesi zaidi kwenye ukuta. Yale ya 2.4 hupenya vizuri kidogo, ila yamejaa watu.

Na ripita? "Vistari unavyoviona ni vya simu yako na ripita," alisema. "Havikwambii ripita yenyewe inapata nini kutoka kwenye ruta." Niliiweka mahali palipokosa mawimbi, ikawa inarudia upungufu ule ule kwa sauti kubwa. Tena zile za bei rahisi hutumia redio moja kupokea na kutuma, hivyo hata ukiiweka mahali pazuri hupoteza karibu nusu ya kasi. Mahali pake ni katikati ya safari, pale ambapo mawimbi bado yana nguvu.

Tukaitoa ruta kidakani, tukairudisha kwenye kigoda chake chini ya ngazi. Nikapanda juu nikapima: 6. Kutoka 0.9 mpaka 6 kwa kuhamisha kitu mita nne, bila ya kutoa shilingi. Nilikaa kitandani nikalia, nasema kweli. Nililia kwa ajili ya wale wanafunzi wawili, na kwa ajili ya yule kijana aliyesimama mlangoni.

Yaliyofuata yalikuwa ya kumalizia, ingawa nayo yalichukua wiki mbili. Programu ile ya simu ilituonyesha mitandao 24 ya Wi-Fi inayotufikia, mingi ya nyumba za wageni zilizotuzunguka. Katika masafa ya 2.4 kuna chaneli nyingi, yaani njia za kupitisha mawimbi, lakini zinapandiana; zisizogusana ni 1, 6 na 11 tu. Ruta yetu ilikuwa kwenye 6 pamoja na majirani kumi na mmoja. Tukaihamishia 11, na upana wa chaneli tukauweka megahezi 20 badala ya 40. Kasi ilipanda kidogo tu, ila ping ilitulia, na kwa mwalimu utulivu una thamani kuliko kasi. Kwa anayekaa shamba, nyumba peke yake, hatua hii aipite tu.

Lakini chumba changu kilihitaji kitu cha uhakika, na uhakika ni waya. Mji Mkongwe ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na kutoboa ukuta wa nyumba ya zamani si jambo la kuamua asubuhi likafanyika jioni. Sikutoboa. Waya ulipanda na ngazi, ukafuata tundu la zamani la nyaya za umeme wa taa, ukatokea chumbani. Mita 18, waya wa aina hii huenda mpaka mita 100 bila shida. Juu tukafunga ruta ya zamani ya shemeji yangu iwe kituo cha pili cha Wi-Fi. Atakayefanya hivyo azime DHCP, ile kazi ya kuvigawia vifaa anwani, kwenye hiyo ruta ya pili, la sivyo ruta mbili zitagombania kugawa anwani na vifaa vitapotea.

Nikapima nikitegemea 28. Ikaja 7.

Hapo moyo ulinivunjika, lakini safari hii nilikuwa na daftari. Chini, waya wa mtoto wa dada yangu: 28. Waya wangu mpya, hapo hapo chini kabla haujapanda popote: 7. Basi tatizo ni waya. Kwenye mipangilio ya laptopu, sehemu ya mtandao, imeandikwa kiungo kimekubaliana kwa kasi gani, na pameandikwa Mbps 10. Nikaishika ile plagi ya plastiki inayopita mwanga, nikaisogeza karibu na dirisha. Ndani mna nyaya nane za rangi, zimepangwa kama meno. Saba zimefika mwisho. Ule wa kijani ulikuwa umeishia njiani, pungufu ya kama punje ya mchele. Nilipoibonyeza plagi kwa kidole gumba, taa ya ruta ilizimika na kuwaka tena.

Kasi ya Mbps 100 inahitaji nyaya nne kati ya hizo nane, na kijani ni mmoja wao. Gigabiti moja inazihitaji zote. Mguso ukiwa wa kusitasita, vifaa hushuka mpaka pale vinapoweza kuelewana. Fundi wa Darajani aliikata plagi na kuibana upya kwa shilingi 2,000, nikasimama naye mpaka akaipima kwa kile kifaa cha taa nane. Ukinunua waya, uliza kama ni shaba tupu. Zipo za alumini iliyopakwa shaba, bei yake ni ndogo, nazo huvunjika upesi zikikunjwa.

Jioni ile orofani nilipata 27. Nikawaandikia wanafunzi wote.

Likabaki jambo moja la ajabu. Kila siku kuanzia saa kumi na robo alasiri sauti inakatika, kisha kufika saa kumi na moja inapona. Kasi nikipima asubuhi ni nzuri. Sasa nikaacha ping inaendelea kwenye dirisha pembeni huku nafundisha, kwenda 8.8.8.8, anwani ya Google iliyo nje huko mtandaoni, na saa ile ile nikaona milisekunde 30 zinakuwa 400, halafu 1,400. Nikashuka chini. Mwanangu alikuwa amerudi madrasa, simu yake imeshika Wi-Fi, na inapandisha mawinguni video zote za mpira alizorekodi mchana. Watu hutazama kasi ya kushusha peke yake. Sauti yangu kwenda Ujerumani inatumia njia ya kupandisha, ile 9, na simu moja iliijaza yote, sauti ikawa inasubiri foleni nyuma ya video. Tuliiweka ile hifadhi ifanye kazi saa nane usiku. Hakuna aliyegombezwa.

Nikijumlisha: nyongeza ya kifurushi miezi miwili 80,000, ripita 65,000, mafundi wawili waliokuja kuzima na kuwasha 40,000. Hiyo ni 185,000 iliyopotea. Kilichonisaidia kweli ni waya na plagi, haikufika 40,000, na kuhamisha ruta, bure. Kifurushi nilikirudisha 10. Mwanafunzi mmoja alirudi.

Kwa shoga yangu nilikwenda siku ya pili baada ya kuiona ile orodha ya vifaa saba. Nilimwomba radhi yeye, kisha nikaomba aitwe mwanawe nikamwomba na yeye, mbele ya wale wale waliokuwepo siku ile. Pasiwedi nilimwandikia mwenyewe kwenye simu yake.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mtandao ulikuwa unaburura tena, na moyo wangu ulidunda kama ule mwezi wa Oktoba. Nikatoa waya na daftari. Ping kwenye ruta: 1, 1, 1. Kasi kwa waya, pale pale kwenye ruta: chini ya 2. Safari ya pili nzima, ya kwanza ndiyo iliyokufa, na hakuna kitu ndani ya nyumba hii cha kurekebisha. Nikawaandikia wanafunzi wa Jumatatu kwamba tutasoma kwa sauti bila picha. Baadaye habari zikaenea kwamba kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zimekatika upande wa Afrika Kusini, na nchi nyingi za mwambao huu zimeathirika.

Alasiri shoga alinigongea. Na wao wamefunga fiba sasa, na alikuwa ameshika simu yuko tayari kulipia kifurushi kikubwa zaidi. Nilimwambia asilipe kitu, akae tunywe chai. Mwanawe akaniomba ule waya akapime na kwao kwanza.